Mpishi wa Palma aliyerudishiwa sahani alizotupa

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, Bi Dalila Ossufo amekaa kwenye kigoda uani kwake mjini Palma. Miguu kainyoosha, na mapajani kalaza sinia la alumini. Analigonga kwa kidole cha kati, ngo, anatega sikio, kisha analiweka kushoto. Anachukua jingine. Ngo. Kushoto. La tatu linatoa sauti kavu, naye anakunja uso na kulisukuma kulia.

"Hili lina ufa," anasema, na hata hajaligeuza kulitazama. "Kesho litiwe wali mkavu, mchuzi wake ukae bakulini. Likitiwa mchuzi litamvujia mtu magotini."

Olinda, msaidizi wake, analinyanyua sinia lile juani. Kweli, chini ya ukingo kuna ufa mwembamba kama unywele. Olinda ana miaka ishirini na minane, wazazi wake ni Wamakonde wa bara, na machamba yake, yaani shamba, iko Mute. Siku za shughuli huja kumsaidia Bi Dalila kuosha na kupakua. Humwita *tia*, yaani shangazi, kama vijana wa huku wanavyowaita kina mama.

"Tia hakosei," anasema Olinda, akijizuia kucheka. "Labda siku ile moja tu."

"Hiyo siku usiitaje mgeni hajanywa hata chai!" Bi Dalila anamkatiza, akimtupia jicho mwandishi wa habari hii.

Wanahesabu. Yanatimia masinia thelathini na tisa. Kesho kuna akika ya wageni mia mbili na arobaini, na kwa desturi ya hapa watu sita hula sinia moja. Yanahitajika arobaini kamili. Mpishi mwingine angekwishavaa viatu kwenda kulisaka lililokosekana. Bi Dalila anajifunga kilemba chake upya, tena taratibu.

"La arobaini liko kwa Alima," anasema. "Litarudi."

Sinia hilo lilivyofika kwa Alima, na kwa nini mwenyewe halifuati, ni habari ndefu kidogo. Ndani yake kuna vita, kuna mpapai, na kuna aibu moja ambayo Bi Dalila anaisimulia leo akicheka, ingawa kicheko kimemchukua muda kukipata.

Bi Dalila ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza mbele ya mafiga. Ni mpishi wa shughuli: harusi, hitima, maulidi, akika. Kazi alirithishwa na mama yake, pamoja na masinia arobaini, kila moja likiwa na alama ya vitone vitatu vya msumari chini ya ukingo. Shughuli ya watu mia mbili humpa meticali elfu tano, wakati mwingine saba. Msimu wa harusi hupata tatu kwa mwezi. Nje ya msimu anaweza kukaa miezi miwili bila kuitwa popote, akaishi kwa kuuza mikate ya mchele.

Usimwone mpole anavyoongea. Akiwa jikoni, hata baba wa bibi harusi hupita kwa adabu.

Machi 2021 mji uliposhambuliwa, kila mtu alikimbia na alichokiona cha thamani.

"Wengine walibeba nguo, wengine redio, jirani yangu alibeba kuku wawili," anasema. "Mimi nilishika jembe."

Alichimba shimo pembeni mwa ua, akayafunga masinia yote kwenye mikeka, akayafukia. Mahali pale akapawekea alama: palikuwa panasimama mpapai wake, nao ulikuwa unazaa vizuri. Kisha akaondoka. Siku nne alikuwa porini, baadaye akapata boti hadi Pemba, akaishi kwa ndugu karibu miaka miwili.

Aliporudi, nyumba haikuwa na paa. Ua ulikuwa umesogezwa, kwa sababu jirani aliyewahi kurudi alijenga upya kwa kukisia mpaka. Na mpapai haukuwapo. Hapo Bi Dalila anajishika shavu.

"Mtu na akili zake anaweka alama kwa mpapai! Mti wenyewe hauna maisha. Ningeweka jiwe, ningeweka chuma. Lakini siku ile nilikuwa na akili ya kukimbia tu."

Alichimba mashimo matatu. Majirani wakadhani anajenga vyoo. Hakupata kitu, na jioni ya siku ya tatu alikaa juu ya kifusi akalia, si kwa ajili ya alumini, bali kwa vile vitone vitatu vya mama yake.

Ndipo zikaingia sahani za kutupa.

Aliziona kwanza Pemba, kwenye harusi: sahani nyeupe, nyepesi, mtu anakula kisha anaiacha hapohapo. Miaka ile kipindupindu kilikuwa kimewatia watu hofu, na wengi hawakutaka tena kutia mkono sinia moja na mtu wasiyemjua alikotoka wala alikonawa. Palma ilipoanza tena kuoana, wateja walizitaka wenyewe. Bi Dalila naye hakuwa na masinia. Akaziagiza kwa katoni.

"Nilifurahi, nisikufiche," anasema. "Hakuna kusugua, hakuna kuhesabu. Shughuli ikiisha nakung'uta kanga, nakwenda kulala. Watu wakaniita mpishi wa kisasa, na mimi nikaliitikia jina."

Taka zilirundikwa nyuma ya nyumba, karibu na mkondo unaoelekea kwenye mikoko. Kila baada ya wiki mbili maji ya bamvua yalipanda, yakazizoa zote. Asubuhi alikuta pamesafishika.

"Nikasema alhamdulillahi, bahari imenisaidia kazi. Kweli nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu!"

Dalili zilikuwapo, ila hakuzitaka. Mchele uliokuwa ukitosha magunia mawili sasa ulikwenda matatu, kwa kuwa kila mgeni alijaziwa sahani yake na nusu akaiacha. Makombo yaliyokuwa yakiliwa na mabata yalichanganyika na vijiko vya plastiki, ikabidi yatupwe. Na kuna ile siku moja ya Olinda, ambayo sasa, chai ikiwa imekwishanywewa, ruhusa ya kuisimulia imetolewa.

"Kulikuwa na hitima, kuni zimelowa," anasema Olinda. "Tia akaniambia, chukua zile sahani za jana, washia moto. Nikawashia. Moshi mweusi, mzito, ukaingia chunguni moja kwa moja."

"Pilau yote ikanuka mfuko," anakiri Bi Dalila.

"Watu wakala kimya. Mzee mmoja akauliza kwa upole, hiki kiungo mmekipata Pemba?"

Wanacheka wote wawili mpaka Olinda anaegemea ukuta. Lakini hata pilau ile haikumbadilisha Bi Dalila. Aliapa tu kutowashia tena, akaendelea kutupa.

Aliyembadilisha ni Alima.

Alima ni mjane wa makamo anayeishi upande wa pili wa mkondo. Maji yakipwa huingia kwenye matope ya mikoko na kufukua kombe, chaza wa matopeni, akauza nusu na kula nusu. Yeye na Bi Dalila walikuwa wakisalimiana njiani, zaidi ya hapo hapana. Asubuhi moja ya Januari, siku mbili baada ya harusi kubwa, alibisha hodi akiwa na tenga kichwani.

"Karibu, dada," alisema Bi Dalila. "Umeniletea kombe?"

"Nimekuletea vyombo vyako," Alima alijibu. "Vilibaki kwetu."

Alilitua tenga. Ndani yake zilikuwamo sahani za kutupa, zimeoshwa, zimepangwa. Baadhi zilikuwa bado na doa la manjano la pilau. Bi Dalila alianza kucheka, akidhani ni utani. Kisha akaona kuwa Alima hacheki, na kwamba katika kila sahani, moja baada ya nyingine, palikuwa na kombe moja.

"Nimefukua kombe, nikatoa sahani," Alima alimwambia. "Nikafukua tena, nikatoa sahani. Zimefika arobaini na tatu, na kombe nilizopata zimefika arobaini na tatu. Sikuweza kukurudishia vyombo vikiwa vitupu, dada. Sikulelewa hivyo."

Asiyekulia huku anahitaji kuelezwa kidogo. Jirani akikuletea futari au wali kwenye bakuli, bakuli lile halirudi kwake hivihivi. Utalitia chochote, mayai mawili, ndimu, hata chumvi, lakini utalitia. Ndivyo watu wanavyoheshimiana. Alima hakutukana wala hakupaza sauti. Alifuata adabu mpaka mwisho, na kwa adabu hiyo akampa Bi Dalila mavuno yake yote ya siku.

"Angenitukana ningejua pa kumjibu," anasema Bi Dalila. Sauti yake inashuka. "Nikamwambia basi chukua kombe zako, usilale njaa. Akakataa. Akasema ni zako, ziko kwenye vyombo vyako. Akaniaga vizuri, akaondoka na tenga tupu."

Alizipika, kwa sababu kuzitupa kungekuwa kosa la pili. Aliona aibu, anasema, aibu ya mtu mzima, ile inayokufanya ukae jikoni ilhali huna la kufanya.

Kesho yake alimwambia Olinda achimbe shimo, sahani zile zifukiwe, asizione tena. Pembe tatu za ua zilikwishachimbwa siku za kutafuta masinia. Ya nne haikuwahi kuguswa, maana ndipo lilipolundikwa jivu la paa lililoungua. Olinda akalisogeza jivu, akaanza.

"Mimi nilikuwa ndani nakoroga uji," anasema Bi Dalila. "Nikasikia, ngo."

Aliacha mwiko chunguni. Hakuhitaji kuona, sauti ile ameisikia tangu akiwa anatambaa. Alifika shimoni akamkuta Olinda amesimama, jembe liko juu, anaogopa.

"Siku zile ukigonga chuma ardhini huchezi nacho, huenda ni bomu," anasema Olinda. "Nilitaka kukimbia. Tia akaruka shimoni na nguo zake, akafukua kwa mikono, huku anasema, usiogope mwanangu, ni la mama, ni la mama."

Mikeka ilikuwa imeliwa na mchwa, haikubaki hata ukindu. Masinia yalikuwepo yote arobaini, yamefubaa, yana mchanga kwenye kila mkunjo, na chini ya kila ukingo kuna vitone vitatu. Bi Dalila alikaa juu ya udongo akalia tena, na safari hii Olinda naye alilia, kisha wakatazamana walivyopakwa jivu usoni, wakacheka. Uji uliungua. Hakuna aliyeujali.

Shimo lilibaki wazi. Sahani arobaini na tatu hazikuzikwa. Olinda alizitoboa chini, akazipeleka Mute, na mpaka leo anakuzia humo miche ya nyanya.

Hapo ingependeza kuandika kwamba mambo yakawa shwari. Hayakuwa. Kumiliki masinia ni jambo moja, na kuwashawishi watu wayalie chakula tena ni jingine.

Siku hiyohiyo Bi Dalila aliapa kwamba chungu chake hakitapakuliwa tena kwenye sahani ya kutupa. Mteja wa kwanza alisikia akaondoka. Wa pili alisema wageni wake ni watu wa ofisi. Wa tatu alisema waziwazi: ugonjwa je? Upande huu wa mji mpishi wa shughuli ni yeye peke yake, lakini wateja walianza kuita wapishi kutoka mbali. Tangu Januari hadi Idi hakupata shughuli hata moja. Alirudi kwenye mikate ya mchele, na siku nyingine faida haikuzidi meticali mia na hamsini.

"Nilikuwa na masinia arobaini yanayong'aa na sina mtu wa kula humo," anasema. "Nilianza kujiuliza kama nimeshika dini au nimeshika ukaidi."

Lile swali la ugonjwa ndilo lililomkosesha amani, kwa sababu lilikuwa la haki. Akaenda kumwuliza Cristina, muuguzi anayekaa mtaa wa pili.

"Cristina akaniambia, mama, maradhi hayaanzii kwenye sinia. Yanaanzia kwenye mikono na kwenye maji. Sahani ya kutupa iliyoshikwa na mkono mchafu ni chafu. Sinia lililooshwa kwa maji ya moto, walaji wakiwa wamenawa kwa sabuni, ni safi."

Basi akaipanga kazi upya. Pipa la maji yaliyochemshwa. Kusugua kwa jivu na makumbi ya nazi, kisha sabuni, kisha maji ya moto, kisha jua. Maji ya kuoshea yanakwenda kwenye migomba, si mkondoni. Na mlangoni, birika na sabuni, hapiti mtu mikono haijanawa. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwamini.

Mtu huyo alikuwa Hamido, mfanyabiashara wa samaki wakavu, aliyekuwa akimwoza binti yake Aprili. Alikuwa amekula mapishi ya Bi Dalila tangu ujana wake na hakutaka mengine. Lakini dada yake, Mariamo, alishuka kutoka Pemba wiki nzima kabla ya harusi, na hakufurahia kusikia habari ya masinia.

"Kaka, hii ni festa, ni sherehe ya mwaka gani?" aliuliza, Bi Dalila akiwa amesimama palepale. "Wakwe wanatoka Mocímboa da Praia. Watatuona washamba."

Hamido alikuna kichwa. Bi Dalila akaona nafasi yake inamponyoka, na bila kufikiri sana akasema maneno ambayo yalimpotezea usingizi wa siku saba.

"Bwana Hamido, wageni wako wakikataa kula kwenye masinia yangu, sichukui hata meticali moja. Na mji huu sitapika tena."

"Nilitoka nje nikaelekea nyumbani," anakumbuka. "Nikajiambia, Dalila, mdomo umeuza nyumba."

Jumapili ya harusi, saa saba mchana, chakula kilikuwa tayari: wali wa nazi, kuku wa mchuzi, samaki wa kupaka. Wakwe hawakuonekana. Simu ikapigwa, chapa zao, yaani magari ya abiria, zimekwama Mute, njia imefungwa kwa muda. Saa nane. Saa tisa. Mariamo alipita jikoni mara tatu, na mara ya tatu Olinda aliiona katoni ya sahani za kutupa inachungulia chini ya mtandio wake, bado ina utepe.

Bi Dalila alikuwa amekwishapakua. Kila sinia alilifunika kwa kawa la miyaa, lile la umbo la paa la msonge ambalo bibi zetu walifunikia chakula. Chini ya kawa wali ulikaa na joto lake bila kutoa jasho. Ingekuwa kwenye sahani za kutupa, anasema, muda ule wote ungetoa ubwabwa baridi.

Wakwe waliingia saa kumi kasoro, wana vumbi, wana njaa, na wana hasira kidogo. Olinda akawapokea mlangoni na birika la maji ya vuguvugu.

"Kuna mzee alinikatalia, akasema amenawa Mute," Olinda anaeleza. "Nikamwambia babu, hata bwana harusi amenawa kwangu. Akanyoosha mikono."

Wanaume waliketi uani kwenye mikeka, sita sita. Masinia yakawekwa. Bi Dalila alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, mkono kinywani. Mariamo alikuwa amesimama mlango mwingine. Hakuna aliyenyanyua kawa. Watu walitazamana kama waliosahau namna inavyofanywa, na pengine kweli walikuwa wamesahau.

Aliyenyanyua kawa la kwanza ni Adamo, baba wa bwana harusi, mtu mnene wa maneno machache. Alilishika mkononi, akautazama wali unaotoa mvuke, akawatazama ndugu zake watano waliokaa naye. Wote walikuwa wametawanywa na vita, kila mmoja wilaya yake.

"Kambini," alisema, na ua mzima ulimsikia, "kila mtu alipanga foleni na sahani yake, akala peke yake. Miaka yote hii sijatia mkono sinia moja na ninyi." Akavuta pumzi. "Haya, sogeeni. Sogeeni bwana! Bismillahi."

Wakasogea. Makawa yakaanza kunyanyuka mkeka baada ya mkeka. Ikaja ile sauti ambayo mpishi yeyote wa shughuli anaijua na ambayo Bi Dalila hakuwa ameisikia kwa miaka: watu mia mbili wakila huku wanaongea, mmoja akimsogezea mwenzake mnofu, mwingine akilalamika kwamba fulani anakula upande wa watu.

Bi Dalila anasema aliketi chini, palepale kwenye sakafu ya jikoni, nyuma ya vyungu, akapumua. Alipumua mpaka Olinda akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nimetua mzigo," alimjibu.

Magunia mawili ya mchele yalitosha. Mabata walipata haki yao. Ile katoni ilirudi Pemba na utepe wake, na kabla ya kupanda chapa Mariamo alikuja jikoni kuuliza, kwa sauti ya chini, makawa yale yanasukwa na nani na bei yake ni ngapi. Tangu siku hiyo Bi Dalila ameagizwa shughuli tano. Akika ya kesho ndiyo ya kwanza.

Siku ya harusi, kabla hajatia tonge lake mwenyewe, alipakua sinia moja zima, wali, kuku, samaki, akalifunika kawa, akampa Olinda alivushe mkondo.

"Alima alipoliona alifunua kawa akatazama," anasimulia Olinda. "Kisha akaniuliza, hili ni la kutupa au la kurudisha? Nikamwambia la kurudisha. Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka."

Zimepita siku kumi na moja sasa. Ndiyo maana Bi Dalila halifuati sinia lake, na ukimwuliza anakushangaa.

"Nimfuate kudai chombo? Ni kama kumwambia najua huna cha kukirudishia. Alima anangoja bamvua, maji yapwe mbali aingie matopeni vizuri. Na bamvua imeanza juzi."

Akiwa anapanga makawa kwenye kivuli cha ukuta, anaeleza mipango yake. Anataka masinia arobaini mengine, yafike themanini, ili msikiti na kanisa wayaazime bila malipo siku za misiba. Anataka kina mama sita wa mtaa wasuke makawa, mtu asifunike tena chakula kwa mfuko. Na anataka kwenda, kwa miguu yake, kwa wapishi wengine wa mji akawaeleze habari ya sahani arobaini na tatu.

"Sitawahubiria. Nitawaambia mimi mwenyewe nilitupa, na nilirudishiwa na nani, na ndani yake mlikuwa na nini. Basi."

Saa tano inakaribia kugonga wakati hodi inaposikika. Alima anaingia, pindo la kanga limelowa tope hadi magotini, sinia liko kichwani, kawa liko juu. Bi Dalila anasimama kumpokea. Wanalitua pamoja, kwa mikono minne, maana ni zito.

Kawa linanyanyuliwa. Kombe zimejaa hadi ukingoni, zimeoshwa, nyingine bado zinafumba na kufumbua. Bi Dalila anatia mkono katikati, anapekua mpaka chini, anapekua tena.

"Unatafuta nini, dada?" Alima anamwuliza.

"Sahani."

"Hamna. Siku mbili nimefukua, nimetoa mbili tu, tena kuukuu, zimekwisha kuvunjika. Hizi ni kombe tupu."

Bi Dalila anatoa mkono. Anamimina kombe kwenye beseni, polepole, hadi ya mwisho. Analisuuza sinia kwa maji ya pipa, analifuta kwa pindo la kanga yake, analigonga kwa kidole cha kati. Ngo. Analiweka kushoto, juu ya mengine.

"Arobaini," anasema. Kisha anamgeukia Olinda. "Kesho wageni wakimaliza kula, hili linavuka tena kwa Alima. Nalo uhakikishe limejaa."